Maswali Arobaini kwa Siku

Siku ile walikuwepo hawa: baba mkubwa, kaka wa marehemu baba, aliyekaa kwenye kiti pekee cha nyumba yetu, mkewe, aliyekaa kizingitini ili aone nani anapita, mjomba wetu, aliyepanda kutoka Bungu kwa miguu na alikuwa bado anahema, mwalimu wa darasa la saba, ambaye hakuwa ndugu lakini aliitwa awe shahidi, mdogo wangu anayenifuata, msichana wa miaka kumi na minne, kitinda mimba wetu, naye msichana, wa miaka sita, na mimi. Watu saba. Majina yao nayaacha, maana na baadhi ya watoto wao bado tunapishana njiani siku ya soko, na haya ninayoyaandika yananihusu mimi kuliko wao.

Walikuja kutugawa. Mama alikufa kwanza, baada ya kuugua miaka, kisha baba akaondoka kwa homa ya siku tisa. Hakuacha mtoto wa kiume. Baba mkubwa alikuwa ameshapanga kila kitu, akakisema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Kitinda mimba aende Bungu kwa mjomba. Anayenifuata aende Bulwa kwa shangazi, akachume chai. Mimi niolewe, kulikuwa na mgane mmoja wa Vuga, aliyefiwa na mkewe, aliyekwisha kuambiwa habari zangu. Nyumba na shamba vibaki mikononi mwake, avitunze.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Shule niliacha darasa la nne, mwaka aliozaliwa kitinda mimba, kwa sababu mama hakuinuka vizuri kutoka uzazi ule na mtu wa kushika mtoto alikuwa mimi. Sikuwa na cha kumjibu baba mkubwa ila mdogo wangu. Nikasema huyu ni wa kwanza darasani, mwalimu yupo hapa aulizwe. Mwalimu akasema ni kweli. Nikasema tuachwe pamoja mpaka majibu ya mtihani wa darasa la saba yatoke.

Baba mkubwa alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Kila mkutano alisimama kusema kwamba taifa changa linajengwa na elimu, na mwalimu alikuwa amemsikia. Hakuweza kukataa mbele yake. Akasema, "Sawa. Nyumba inayotoa mtoto wa sekondari ni nyumba. Isiyotoa ni shamba, na mashamba nayajua mimi."

Mjomba akacheka bila furaha. Akamwambia, kwa heshima ya Kisambaa, "Mgosi, mtoto si jogoo wa kuwekewa dau." Mke wa baba mkubwa, pale kizingitini, akauliza je, huyu mkubwa akizeekea humu ndani atapewa nani. Yakawa yamekubaliwa: akifaulu tunabaki watatu, asipofaulu tunagawanywa mara moja.

Mdogo wangu alikuwa anapukuchua maharage kwenye ungo. Hakuulizwa neno, naye aliendelea kupukuchua.

Mwaka uliotangulia shule yetu haikupeleka hata mtoto mmoja kidato cha kwanza, na mwalimu yule, ambaye aliletwa kutoka mkoa mwingine, aliitwa wilayani akasemwa. Aliporudi alichagua wanafunzi sita. Kila siku, baada ya masomo na baada ya shamba la shule, maana hiyo ilikuwa elimu ya kujitegemea na kabichi za shule hazikujipalilia, aliwarudisha darasani akajaza ubao maswali arobaini. Hesabu za mafumbo, Kiingereza, siasa, jiografia. Waliyanakili, wakaenda nayo nyumbani, wakayaleta kesho yake kabla ya mchakamchaka. Swali moja lililoachwa wazi lilikuwa fimbo moja ya kiganjani.

Mdogo wangu alifika nyumbani saa kumi na moja jioni. Ukungu ulishuka mapema na mafuta ya taa yalikuwa nadra katika duka la ushirika, kwa hiyo mwanga wake wote ulikuwa wa saa moja na nusu tu. Mwanzoni yaliyobaki aliyamalizia alfajiri, amelala kifudifudi karibu na moto niliokuwa naupuliza ili nipike uji.

Mimi nilipanga kumsaidia. Nilimwondolea jembe, nikamwondolea kuni, nikamwondolea maji ya chemchemini. Nikamwambia kazi yako ni moja tu, nyingine zote ni zangu. Nilijiona mwema kupita kiasi. Nilipalilia peke yangu shamba la juu na bustani ya bondeni, nikabeba majani ya ng'ombe kichwani, na kila nilipohisi mgongo unataka kukatika nilimtazama yeye amekaa na daftari, nikaona namdai shukrani.

Sikufikiri kwamba chemchemini ndiko alikokuwa anacheka.

Alikuwa katika kikundi cha jembe. Wasichana wa rika lake, tisa pamoja naye, walilima kwa zamu: Jumamosi hii shamba la kwao huyu, Jumamosi ijayo la kwao yule, mpaka mzunguko uishe. Hakuna mzee aliyewapangia. Hivyo ndivyo wasichana wa huku walivyolima tangu zamani, na hapo ndipo walipojifunza karibu kila kitu ambacho mama zao hawakuwaambia. Kwa sababu ya msiba wetu, walianzia mzunguko kwetu. Walikuja wanane, wakalima shamba la juu lote kwa siku moja, wakala viazi vyetu wakaenda zao. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa na deni la siku nane, kila rafiki siku yake.

Nikamkataza kwenda. Jumamosi ilikuwa ya kunakili ramani na kurudia makosa ya wiki. Akasema, "Dada, wataniona mwizi." Nikamwambia asiwe na hofu, nitaenda mimi.

Nilikwenda kweli. Jumamosi ya kwanza nilichukua jembe langu lililo zito, nikapanda mpaka shamba la kwao msichana mmoja mwenye mwanya, aliyekuwa rafiki yake mkubwa. Walikuwa wameshapanga mstari. Wakaniamkia shikamoo, nikaitikia, nikasimama mwisho wa mstari. Hakuna jembe lililoinuka.

Nikasema, "Nimekuja badala ya mdogo wangu."

Mmoja akauliza, kwa adabu kabisa, "Dada, wewe ukilima nasi, tutamsema nani?" Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

Yule mwenye mwanya hakucheka. Akasema, "Sisi hatukulima kwako. Tulilima kwake. Jembe tunalolidai ni lake."

"Kazi ni kazi," nikamwambia. "Udongo haujui umelimwa na nani."

"Udongo haujui, dada. Sisi tunajua."

Nililima hata hivyo, peke yangu, mpaka saa sita. Wao walikwenda kulima upande mwingine wa shamba. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirika, nikasema ni watoto wapumbavu, nikaona nimelipa siku moja. Hawakuihesabu. Nilikuwa nimeishi huku maisha yangu yote, na bado nilidhani siku ya mtu inaweza kulipwa kwa mgongo wa mwingine, kwa kuwa mgongo wangu ulikuwa na nguvu zaidi. Kikundi changu cha jembe nilikiacha nilipoanza kubeba mtoto wa mama; nilikuwa sijui kinavyohesabu.

Tangu hapo wasichana wale walimwita mdogo wangu Karani. Walimpisha njiani kama anavyopishwa mkubwa, wakamwuliza ofisi imefunguliwa leo au bosi amesafiri. Darasani, wale watano wengine waliochaguliwa walikuwa wavulana, na hao walikuwa na vikundi vyao. Mapumziko alikaa peke yake nyuma ya choo cha walimu. Hayo niliambiwa baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba haombi tena kutoka, nikaona amekomaa.

Kisha nywele zikaanza kutoka. Kwanza upande wa kushoto, juu ya sikio, mahali aliposhika kichwa anapofikiri. Palibaki kipara cha ukubwa wa sarafu, halafu cha kiganja. Mkono wa kulia ukawa unatetemeka hata akishika kikombe. Alipolala alitaja namba. Kitinda mimba, aliyelala naye mkeka mmoja, alizizoea namba zile akawa anazitaja naye mchana anapocheza.

Nilimpiga. Naliandika hili kwa sababu wengi walionijua baadaye wananiita mama wa wengi. Nilimpiga kwa mwiko, kwenye magoti, alipochelewa kumaliza. Nikaweka sheria kwamba ugali unafuata maswali: akifika thelathini anapata mboga, akifika arobaini anapata ugali. Sikuweza kusoma majibu yake, elimu yangu ilikuwa imekwisha mbali nyuma yake, lakini kuhesabu mpaka arobaini niliweza, na nilihesabu kila jioni kwa kidole, mstari kwa mstari, naye amesimama mbele yangu. Mara nyingi alikula ugali wa baridi gizani. Mara nyingine alisema ameshiba, akaenda kulala, nami nilifurahi kwamba unga umebaki.

Alipoanza kukojoa mkekani, msichana wa miaka kumi na minne, sikumwuliza lolote. Nilichukua kanga yake asubuhi, bila kuifua, nikaianika juu ya ua wa njiani, mahali wasichana wote wanapopita kwenda chemchemini. Nilifanya hivyo siku tatu mfululizo. Nilidhani aibu itamponya. Siku ya nne yule mwenye mwanya alisimama mbele ya ua, akaitoa kanga, akaikunja vizuri na kuiweka juu ya jiwe ndani ya uwanja wetu. Aliniona. Hakuniamkia, na huku kwetu mtoto asiyekuamkia amekutukana. Nilikwenda kwa mama yake kushtaki, akachapwa.

Miezi miwili kabla ya mtihani mwalimu aliniita shuleni. Nilidhani kuna kosa. Alikuwa amekaa chini ya ubao, na kabla sijamaliza kumsalimia aliniuliza kama mdogo wangu analala. Nikasema analala. Akauliza kama anakula. Nikasema anakula akimaliza. Akasema amefikiri ampunguzie, maswali ishirini yanamtosha, akili yake ni nzuri bila hayo mengine. Juzi alikuwa amemkuta amesimama uwanjani baada ya kengele, wenzake wote wameshaingia darasani, na alipomwita hakugeuka.

Ningeweza kusema asante. Mara nyingi nimejiona nimekaa pale, nasema asante mwalimu, naondoka. Nilichosema ni hiki: "Mwalimu, wenzake wanafanya arobaini. Wewe unataka afaulu, au unataka acheke?"

Akasema hajawahi kuambiwa hivyo na mzazi.

"Mimi si mzazi," nikamwambia. "Mzazi angekuwa na watoto wengine wa kujaribu nao. Usipunguze. Na Jumapili uwe unampa pia."

"Jumapili ni ya kanisa."

"Mungu amekwisha kutuona. Mpe."

Akampa. Nadhani na yeye aliogopa. Aliogopa wilaya kama nilivyomwogopa baba mkubwa, na kila mmoja wetu alimshika mtoto mkono mmoja akamvuta kuelekea mahali pamoja. Sikumwambia mdogo wangu kwamba kupumzika kulikuja mpaka mlangoni nikakurudisha. Alikuja kujua kutoka kwa mwalimu mwenyewe.

Mtihani ulifanyika shule ya jirani, mwendo wa saa mbili. Nilimsindikiza. Nilikuwa nimemshonea gauni jipya kutokana na kanga ya mama, nikamfunga kitambaa kichwani kuficha kipara. Njia nzima nilimwuliza miji mikuu ya nchi za Afrika, akaitaja yote bila kunitazama. Nilikaa nje chini ya miti ya miwati pamoja na mwalimu wetu, kama watu waliokaa nje ya wodi.

Alitoka anatabasamu. Sikuwa nimeyaona meno yake kwa muda mrefu. Njiani aliomba muwa, nikamnunulia, akautafuna huku anatembea mbele yangu kwa haraka kama mtu aliyetua mzigo. Nikamwuliza hesabu ilikuwaje. Akasema, "Rahisi, dada. Nimemaliza mapema. Nilifanya zote arobaini, nikaweka penseli chini, nikalaza kichwa."

Mwalimu, aliyekuwa nyuma yetu, akasimama. Alikuwa ameiona karatasi ya maswali mikononi mwa wasimamizi walipotoka nje. Akamwuliza taratibu, "Uligeuza ukurasa wa mwisho?"

Akasema hapana. Kwa nini ageuze? Alikuwa amemaliza.

Yalikuwepo mengine nyuma, tena ndiyo yaliyobeba alama nyingi. Alikuwa amefika arobaini, na kwa muda wote ule arobaini ndipo palipokuwa na ugali na mkeka. Mwili wake haukujua kuna namba mbele ya hapo. Mimi nilimpiga kofi palepale njiani, mbele ya watu waliokuwa wanatoka sokoni, na muwa ukaanguka. Hakulia. Aliuokota, akaufuta kwa gauni, akaendelea kutafuna, lakini meno sikuyaona tena.

Majibu yalipotoka alichaguliwa mvulana mmoja kati ya wale sita. Baba mkubwa alikuja asubuhi ya pili, na siwezi kusema alidanganya, alifanya alichosema. Kitinda mimba aliondoka na mjomba kabla ya saa sita, amebebwa mgongoni, anataja namba. Mdogo wangu alipakiwa kwenye lori la kampuni ya mbao lililokuwa linashuka, kwenda kwa shangazi. Mke wa baba mkubwa alimfungia viazi. Nilipotaka kumshika mkono alikuwa ameshika viazi kwa mikono yote miwili.

Mgane wa Vuga nilimkataa. Nilikaa ndani ya nyumba, nikamwambia baba mkubwa anitoe kwa nguvu mbele ya nyumba zake kumi kama anaweza. Hakuweza. Alichukua bustani ya bondeni, akaniachia shamba la juu na nyumba, na kwa miaka sita nililima na kuuza mpaka nikaweza kushuka Bungu kumrudisha kitinda mimba. Alikuwa mkubwa, aliniamkia shikamoo kama mgeni. Nilimsomesha. Watoto wa watu wengine pia niliwalea humu, kwa hiyo wananisifu.

Yule wa Bulwa hakujibu barua. Niliambiwa anachuma vizuri, kwamba ana mikono myepesi, kwamba hakubali kuandikishwa madarasa ya elimu ya watu wazima hata kusaidia wengine, na kwamba hashiki kalamu. Siku ya mshahara anaweka dole gumba, yeye aliyekuwa wa kwanza darasani.

Alikuja mara moja tu, baba mkubwa alipozikwa. Alikuwa mwanamke mzima. Nywele zilikuwa zimeota, isipokuwa pale juu ya sikio. Aliniamkia vizuri, akala chakula cha msiba, na nilipomtandikia kitanda akasema asante, atalala kwa yule mwenye mwanya, ambaye sasa alikuwa ameolewa kilima cha pili.

Asubuhi baada ya maziko nilimwona anapita njia ya juu na jembe begani. Nikamfuata kwa mbali. Alikuwa anakwenda kwa mmoja wa wale wanane. Alilima tangu jua linachomoza mpaka saa nane, mwenye shamba analima kando yake na mtoto mgongoni, wanaongea na kucheka juu ya mtu fulani; nadhani ni mimi. Kesho yake alikwenda kwa wa pili, keshokutwa kwa wa tatu. Siku ya tano ilikuwa ya mwenye mwanya mwenyewe. Nikachukua jembe langu, nikapanda mpaka pale, nikasimama mwisho wa mstari wao wa watu wawili. Nilisema nataka kumsaidia amalize.

Mwenye mwanya alimwachia yeye anijibu. Mdogo wangu alipumzika juu ya mpini, akafuta jasho.

"Hizi siku ni za kwangu," akasema. "Wewe una za kwako."

Hakusema kwa hasira. Nikamwuliza nizilipe kwa nani, na vipi. Akafikiri, nadhani alifikiri kweli, kama anavyofikiri mtu aliyeulizwa swali gumu na anayetaka kulijibu kwa haki. Kisha akasema hajui bado, akainua jembe.

Lori alilorudi nalo Bulwa liliondoka alfajiri iliyofuata. Kati ya wale wanane, mmoja alikuwa ameolewa Korogwe na wengine wawili Tanga, kwa hiyo siku zake tatu zilibaki, na alimwambia mwenye mwanya kwamba atakuja kuzimaliza watakaporudi kutembelea makwao. Wamerudi mara kadhaa. Kila mara nampelekea habari Bulwa kwa mtu anayeshuka, na kila mara anasema amesikia. Za kwangu sijaanza. Nimemwuliza mara mbili kwa mdomo wa wengine kama ameshajua, na jibu linalokuja ni lilelile: bado anafikiri.